Waliotoka Chini ya Majivu

Ndugu zangu, mjane mmoja wa nchi ya miti ya miyombo aliachiwa na mumewe kipande cha msitu. Mahindi hayakuota pale. Lakini kila mvua zikikolea, viwavi wanene wenye madoa walijaa kwenye majani, naye akawaokota, akawachemsha kwa chumvi, akawaanika juani. Kwa viwavi hao watoto wake walikula na kusoma.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mchoma mkaa. Yeye akiutazama msitu ule aliona magunia tu. Aliuomba, akanyimwa. Akauomba tena, akanyimwa.

Kiangazi kimoja, mjane akiwa amempeleka mtoto kliniki, moto ukaingia msituni. Aliporudi alikuta ardhi nyeusi na vigogo vinafuka moshi. Akaketi papo hapo kwenye majivu, akalia kama siku ya msiba.

Shemeji akaja na wazee wa ukoo. "Pole, shemeji. Lakini tuseme ukweli, msitu umekufa. Niachie nikate, angalau mkaa upatikane."

"Nipeni hadi mvua," mjane akasema.

"Mvua itaotesha nini hapa? Wadudu wako wameungua wote!"

Mnadhani mama yule alikuwa na imani kubwa? Hata kidogo. Aliomba muda kwa sababu hakuwa na kingine cha kuomba. Wazee wakamhurumia, wakampa muda, ila kwa sharti: mvua ya kwanza ikinyesha na pakiwa patupu, shemeji ataingia na shoka.

Sasa sikilizeni. Kiwavi wa msitu ule akishashiba hushuka kwenye shina, akachimba udongo, akageuka kuwa ganda gumu. Humo hukaa kiangazi kizima, hali, hasogei. Kwa hiyo moto ulipopita juu, wao walikuwa wameshazikwa zamani. Moto utamfanya nini aliyekwisha kuzikwa?

Mvua ikanyesha. Asubuhi yake shemeji akatangulia na shoka lake, wazee wakafuata, mjane nyuma akiburuta miguu. Wakafika, wakasimama. Kila shina jeusi lilikuwa limejaa nondo, vipepeo wa usiku waliotoka katika maganda yale, wakubwa kama kiganja, wenye rangi ya kahawia na waridi, wakikausha mabawa! Wengine walikuwa bado wanatoka, wakipasua majivu kwa vichwa vyao. Na juu yao, matawi yale yaliyoungua yalikuwa yamechipua majani mekundu, laini kuliko mwaka wowote. Nondo hawajataga hata yai moja, na chakula cha watoto wao kipo tayari!

Mjane akapiga kigelegele. Majirani wakaja mbio kuuliza kuna harusi gani, wakaona, nao wakapiga.

Shemeji akaketi chini. "Shemeji," akasema, "moto ule niliuwasha mimi."

Vigelegele vikakatika. Wazee wote wakamgeukia mjane. Naye akasema, "Viwavi wakinenepa, uje na kapu lako tuokote wote. Watoto wa kaka yako bado wanahitaji baba mdogo."

Wapendwa, mnajiona wapi katika habari hii? Nawafahamu, kila mmoja ameshakaa upande wa mjane. Lakini sisi ndio wale wazee! Tumeshakubaliana kwamba fulani amekwisha. Yule kijana wa pombe. Binti aliyezalia nyumbani. Yule mzee aliyetoka gerezani. Tumeona majivu, tukapanga siku ya kuwafuta. Nani alituambia Mungu amemaliza nao? Hata Bwana wetu walimfunika kwa jiwe, wakaweka na walinzi, wakaenda kulala wakijua kazi imekwisha. Amefufuka! Kaburi lilimshindwa, na litawashindwa wote walio wake.

Yupo mtu humu ndani ambaye mliacha kumsalimu. Hatutaimba bado. Inuka ulipo, uende ukampe mkono.