Maua ya Mama Mkwe

Mmekaa? Basi mtu asiniulize kitu mpaka nimalize.

Bi Mashavu alikuwa na maua uwanjani, mafupi, yamejikusanya kama mto wa kulalia. Alipokwenda msibani alimwambia Saumu, mke wa mwanawe, "Yamwagilie, lakini usiyang'oe."

Saumu alikuwa bibi harusi mgeni, na mgeni hupimwa kwa uwanja wake. Siku ya kwanza alifagia, majirani wakapita wakasema, "Uwanja una majani." Siku ya pili alifagia mpaka kwenye mashina, wakasema, "Uwanja una majani." Siku ya tatu aibu ilimzidi, akachukua jembe akayang'oa yale maua.

Mizizi ilitoka mirefu kama nyuzi. Chini yake palikuwa na midomo. Zimwi lililoshonwa kwa mizizi hiyo miaka na miaka lilipiga mwayo, likasema taratibu, "Ahsante, mwanangu. Inama nikuone."

Bi Mashavu aliporudi alikuta uwanja mweupe, hauna hata jani, na ufagio umelala peke yake. Akaita, "Saumu."

"Abee, mama," Saumu aliitika kutoka chini ya ardhi.

Bi Mashavu alipiga magoti, akaipanda ile mizizi juu ya sauti hiyo, kulishona tena zimwi, huku analia. Alikuwa amemkataza, sababu hakumwambia.

Nimemaliza. Sasa ulizeni.