Galaksi za Mwezi wa Maria

"Miye nizime taa, halafu bezi bakikuya? Weye njo utabafukuza na ile bomba yako ya kuangalia nyota?"

Mama Francine, mke wa askari wa kambi, alisimama langoni mikono kiunoni. Taa yake ya sola iliwatisha wezi, ikawaangazia wateja wa mikate na, kwa bahati mbaya, ua wote wa jirani yake, Mwalimu Ariane.

"Voisine, jirani yangu, masaa mbili tu! Darubini iko ya kuazima. Mwisho ya Mei inarudia Lubumbashi."

"Masaa mbili! Nyota njo zitanunua mikate yangu?"

Wateja walicheka hadi mikate ikawapalia.

Ariane alitaka picha moja tu: galaksi mbili zilizogongana, karibu na kundi la nyota la Kunguru. Nuru yao ilisafiri mamilioni ya miaka, ikafika Kamina imechoka. Mbele ya taa ile ikapotea kama chumvi majini. Ilihitaji kukusanywa kwa saa nyingi za giza.

Jioni hiyo akagundua jambo. Mei ni mwezi wa Maria. Kila siku, giza likishaingia, majirani walijaa kwa Mama Francine kusali rozari, naye hakuuza mikate wakati wa sala: alizima taa, akawasha mshumaa. Dakika ishirini.

Ariane akaifunga kamera kwenye darubini, akaiacha uani ipige picha yenyewe, akavuka kwenda kusali. Kila Salamu Maria, upande wa pili wa ua: kachu! Kachu!

"Mwalimu anasali na sikio moja," wakanong'ona wambeya.

Picha ya kwanza ilionyesha doa tu, kama unga uliopulizwa. Hakukata tamaa. Jioni nyingine moshi wa moto wa nyika ulimnyima hata hilo doa; kesho yake alirudi palepale.

Siku ya mwisho ya Mei, darubini ikiwa imeshafungwa sandukuni, alizipanga picha zote moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, akaja nayo mlangoni kwa Mama Francine. Mioyo miwili ya nuru ilikuwa imeshikana, mikia mirefu ikipeperuka nyuma yake.

Mama Francine akashika mdomo. "Yesu wangu! Inakumbatiana kama bandugu benye hawajaonana tangu vita. Na hii yote, njo ile dakika zetu za rozari?"

"Njo hizo, mama. Kidogo, kidogo."

"Basi unasimama inje kama mugeni? Ingia, bukari ya mahindi na samaki ya Kinkondja iko moto. Tukule, mwalimu! Kweli, haba na haba hujaza kibaba."