Gari la Dhahabu la Marijani

Mtu mmoja, jina lake Marijani, alikuwa na kikundi cha sarakasi, na gari la maonyesho lililokokotwa na farasi. Ubavuni mwake walichongwa simba na malaika, na kila mchongo ulikuwa wa rangi ya dhahabu, dhahabu ya kweli. Kila alipofika mji mpya, kabla hema halijafunguliwa, Marijani alilipitisha gari lile mtaa kwa mtaa, hata mtaa wa wagonjwa wa ukoma, na huko aliwaendesha farasi polepole zaidi. Hemani waliingia wenye tiketi, lakini barabara ilikuwa ya wote. Wagonjwa walitoka milangoni wakasimama kimya, na mng'ao wa gari ukapita juu ya nyuso zao.

Marijani akafa. Malori yakaja, misafara ya farasi ikakoma, na gari likasukumwa bandani. Kuku wakataga mayai katikati ya miguu ya simba. Wanawe wawili, Twaha na Kombo, ndio waliolirithi, nao walizaliwa gari likiwa limeshakamilika. Hawakuwahi kumwona fundi akilipamba.

Kombo alimsihi kaka yake watengeneze magurudumu, walirudishe barabarani. Twaha akamcheka. Utajiri wote ule umelala na kuku, halafu mtu anataka kuuzungusha mitaani bure! Alijiambia kwamba mbao zitaungua na dhahabu itabaki. Kombo aliposafiri, Twaha akalitia gari moto.

Kombo alirudi akakuta majivu. Hakugombana, gari lilikuwa limekwisha. Alimfuata kaka yake kwa sonara, wakasubiri majivu yakichekechwa na kuyeyushwa. Mwishowe sonara akamwekea Twaha kiganjani kitu kisichozidi punje moja ya hindi.

"Ni hii tu, bwana," akasema. "Nyingine haikuwapo tangu mwanzo."

Kumbe fundi wa zamani aliifua dhahabu ile kidogo mpaka ikawa utando ambao pumzi ya mtu ingeweza kuupeperusha. Kisha akaibandika juu ya simba na malaika kwa brashi, huku amebana pumzi, asipoteze hata chembe.

Twaha akaketi chini. Kombo aliichukua punje ile, akaigeuza kwenye mwanga, na machozi yakamtoka. Hasira zilikuwepo, lakini mshangao ulizidi. Kitu hiki kidogo ndicho kilichowasimamisha watu wa miji mizima, kikawaangazia hata wale ambao hakuna aliyetaka kuwatazama.

Ndugu zangu, mimi kila nikiikumbuka punje ile mwili hunisisimka. Basi wewe unayelalamika kwamba umepewa kidogo, hicho kidogo umekipaka wapi?