Bi Nguchiro Atoza Ushuru Korongoni

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko kama sisi, kulikuwa na njia mbili za kwenda kisimani. Ya korongoni ilikuwa fupi lakini nyembamba. Ya kilimani ilikuwa pana, ila ilizunguka.

Kila asubuhi wote walijazana korongoni. Siku moja Bwana Nyati alimbana Bi Nguchiro ukutani, kibuyu chake kikaanguka, pwaa! Maji yote yakamwagika. Wanawe watatu wakashinda na kiu.

"Bwana Nyati, mbona hupiti kilimani?" aliuliza.

"Kilimani ni mbali. Nani azunguke wakati njia ya mkato ipo?"

Jibu hilo lilimkaa kichwani. Kesho yake alipanda juu ya jiwe, akatazama. Mzee Tembo aliingia korongoni jua likichomoza, akatoka jua likiwa utosini. Kobe, ambaye hupita kilimani kwa kuogopa kukanyagwa, alikuwa amesharudi na maji yake.

"Ajabu," Bi Nguchiro alijisemea. "Njia fupi imekuwa ndefu kwa sababu wote wanaiona fupi."

Alijua akiwaambia hivyo watamcheka, mdogo kama alivyo. Basi asubuhi iliyofuata akajifunga mshipi wa magome, akaketi mdomoni mwa korongo na kikapu.

"Ushuru," akasema. "Kiazi kimoja kwa kila anayepita asubuhi."

"Kwa amri ya nani?" akauliza Nyati.

"Ya mwenye korongo."

Hakuna aliyemjua mwenye korongo, na kila mmoja aliona haya kuonekana hamjui.

Nyati akanuna. "Kiazi changu sitoi. Afadhali nizunguke."

Wengi wakamfuata. Waliobaki ni wenye haraka, kama Bi Swala aliyekuwa na mtoto mchanga nyumbani. Akatoa kiazi, akapita chapuchapu. Na Nyati naye akashangaa: alifika kisimani jua halijawa kali.

Siku saba nyumba ya Bi Nguchiro ilikula viazi. Siku ya nane akaja Mzee Tembo, taratibu.

"Nimeuliza kote, mama. Korongo hili halina mwenyewe."

Bi Nguchiro akakiri: "Kweli, mzee. Nimebuni mimi."

Nyati akakipiga kikapu teke, puu! "Kumbe tunaibiwa? Twendeni, jamani."

Wakamiminika wote korongoni. Adhuhuri ikawakuta humo humo, pembe kwa pembe, hakuna wa mbele wala wa nyuma anayesogea. Bi Swala alikuwa katikati, akilia kwamba mwanawe hajanyonya tangu alfajiri.

Nyati, uso umegandamizwa kwenye makalio ya Tembo, akainua macho juu ya jiwe alikoketi Bi Nguchiro.

"Bi Nguchiro," akasema kwa sauti ya chini, "kesho utakuja kukaa pale mdomoni?"

"Nije kufanya nini, nami ni mwizi?"

"Njoo utoze," akasema Tembo. "Ila viazi wagawiwe wanaozunguka kilimani."

"Na mtozaji je, mzee?"

Tembo akacheka mpaka korongo likatikisika. "Mtozaji achukue kimoja."

Bi Nguchiro alichukua viwili, na hakuna aliyemuuliza.

Basi wanangu, mkiona kila mtu anakimbilia njia moja, jiulizeni kwanza ingekuwaje kama nusu yenu mngepita kwingine.