Watoto Wetu, Shoga

Paukwa!

Pakawa!

Kaondoka mtu.

Na mzigo wake.

Kauacha nusu.

Kaujutia!

Haya, sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni, ingia au toka, unanizibia upepo. Na mwenye swali alimeze kwanza mpaka nimalize.

Basi palikuwa na mwanamke jina lake Mize, na mumewe Vuai, na watoto wao wawili, Raya wa miaka saba na Shaame wa miaka minne. Mwaka huo walipata konde la mpunga katika bonde la mbali, mwendo wa tangu alfajiri mpaka alasiri. Na mpunga ukianza kuzaa, lazima watu wakalale huko siku saba juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, wawafukuze ndege wasiumalize. Vuai na Mize walikuwa hawajawahi kulala porini na watoto, hata siku moja.

Watoto walifurahi mno. Shaame alikunja mkeka wake, akaukunjua, akaukunja tena, kutwa nzima. Mize yeye alikuwa na hofu. Akamwita shoga yake, Kazija.

Nawaambia Kazija alikuwa nani. Yeye na Mize walichezwa unyago siku ileile. Raya alipozaliwa, mikono ya kwanza kumpokea ilikuwa ya Kazija. Yeye hakujaaliwa mtoto, lakini konde alikuwa nalo kulekule bondeni, mwaka wa tatu huo, na mpunga wake haukuguswa na ndege wala nguruwe. Mize hakuuliza kwa nini. Shoga hamchimbi shoga yake.

Siku moja kabla ya safari, Kazija akaja kusaidia kufunga mizigo.

Vuai akaleta shoka.

"Acha, shemeji, huko lipo," akasema Kazija. "Langu liko kwenye dungu langu. Safari na watoto yataka mzigo mwepesi."

"Haya, shoga," akasema Mize. "Wewe ndiye mjuzi wa huko. Watoto ni wetu."

Mize akaleta chungu cha makaa, wapate moto njiani na bondeni.

"Acha, shoga, huko upo. Moto wangu umefukiwa majivu, haulali."

"Haya, shoga. Watoto ni wetu."

Raya akaleta debe la kupiga, la kufukuzia wanyama na kuwaitia watu.

"Acha, mwanangu, huko lipo."

Raya akalishika debe lake kwa mikono miwili. "Mama, kama huko kila kitu kipo, kwa nini somo Kazija haji na sisi?"

"Mtoto gani huyu! Nitafuata keshokutwa," akasema Kazija, akacheka.

"Muwie radhi, shoga," akasema Mize kwa aibu. "Watoto ni wetu."

Basi wakaondoka alfajiri, bila shoka, bila moto, bila debe. Walipofika bondeni jua lilikuwa bado kali. Vuai akapanda dungu la Kazija. Akatafuta shoka, hakuna. Akafukua majivu, baridi. Debe ndiyo usiseme.

"Labda amesahau," akasema Mize.

Vuai akashuka ngazi. Mtu akipenda, wanangu, hata akiona haoni.

Wakapanda dungu lao, wakavuta watoto juu. Hapo mpunga ukagawanyika, likatoka zimwi. Mdomo mmoja mbele, mwingine kisogoni, na tumbo linatangulia. Likashika ngazi.

"Nimekuja kuchukua changu," likasema. "Miaka mitatu nalinda konde la Kazija. Mwaka wa kwanza kanipa mbuzi. Mwaka wa pili kanipa ng'ombe. Mwaka huu kanipa watoto wawili."

"Kazija hana mtoto!" Vuai akapiga kelele.

"Anao. Hawa ni wa wao wawili, yeye na shoga yake, kwa shirika. Kazija kasema shoga yake mwenyewe hutamka hivyo kila siku, mbele za watu. Na mwenye shirika ana haki ya kutoa."

Mize akawavuta watoto kifuani. Moyoni kilimchoma kitu ambacho si zimwi. Alimkumbuka Kazija akiufunga mkeka wa Shaame kwa mikono yake, taratibu, kamba isimchome mtoto begani.

"Mimi zimwi, lakini sili cha wizi," likasema. "Nauliza mara tatu, kisha nakula. Watoto hawa wa nani?"

Mize akafungua kinywa, na ulimi ukaenda ulikozoea. "We... wetu."

Zimwi likapanda ngazi hatua moja.

Msicheke! Nyinyi mkiulizwa nyumba hii ya nani, mnasemaje? Yetu. Mtu aliyelelewa hasemi changu, changu. Ndivyo tulivyofundishwa sote.

"Watoto hawa wa nani?"

"Wetu, bwana!" akajibu Vuai, akimaanisha wake na mkewe. Lakini zimwi halikuuliza maana, liliuliza neno. Likapanda hatua ya pili. Pumzi yake ikampiga Shaame miguuni, mtoto akalia.

"Watoto hawa wa nani?"

"Wangu!" Mize akapiga ukelele mpaka ndege wakaruka bonde zima. "Wangu mimi na Vuai! Kazija hakuwabeba tumboni wala hakuwanyonyesha! Nilimpa neno la heshima, sikumpa watoto!"

Zimwi likasimama. Likashuka hatua moja, likashuka ya pili, likakaa chini ya dungu na kushika tama.

"Basi kanipa kisicho chake," likasema. "Miaka mitatu nafukuza ndege kwa ajili ya mtu yule."

Likainuka, likaingia konde la Kazija. Likala mpunga, likala mabua, likala mizizi. Kabla ya magharibi palibaki udongo mtupu. Kisha likaenda zake, na bonde lile halikuliona tena.

Wao walikaa siku zao saba, wakila nazi na mihogo mibichi kwa kukosa moto. Watoto walikimbizana na ndege na kucheka. Mize alilia kila siku, na hakuna mtu wa kumwambia, kwa kuwa aliyezoea kumwambia ndiye huyo.

Siku moja, walipokwisha kurudi nyumbani, Kazija akaja mlangoni.

"Hodi, shoga!"

Raya akataka kuitikia. Mamake akatikisa kichwa.

"Hodi, shoga! Mpunga umeliwa wote, sina hata kibaba."

Mize alikuwa amekaa nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Machozi yanamtoka. Alitaka kufungua, wanangu, msidhani hakutaka.

"Hodi, shoga yangu."

Na kwetu, mtu akibisha mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Mize akasikia nyayo zikishuka barazani, zikaenda, mpaka asizisikie tena.

Hadithi yangu imetua mzigo wake hapa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukisafiri na watoto wako, funga mizigo yao mwenyewe.