Kiboko Aliyehama kwa Hasira ya Kodi

Hadithi hii kanipa Bi Siwatu, dada yake bibi yangu. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka huku anasimulia, meno mdomoni hana hata moja, na akifika pale Kiboko anapofunikwa mkeka hucheka mpaka ukili unamponyoka. Basi na mimi nikicheka kabla yenu msinilaumu. Kombo, sogeza mguu. Mwanamisi, acha kumfinya mwenzio. Mko tayari?

Nasema paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na bwawa!

Bwawani mna nani?

— Mna mwenye tumbo!

Enhe! Palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa alikaa Kiboko. Akiingia, chubwi! maji yanapanda mpaka kwenye majani. Akitoka, puuuh! maji yanashuka nusu. Kando ya bwawa ana shamba la mtama, analinywesha maji ya bwawa. Kando ya shamba ana maghala matatu, yamejaa pomoni, mpaka panya wamekonda kwa kukosa pa kupita.

Na juu ya mlima wa mawe, hapo hapo karibu na bwawa, alikaa Mama Pimbi. Pimbi mnamjua? Kadogo hivi, masikio mafupi, mkia hana. Ila mdomo anao! Alikuwa na watoto mapacha, juzi tu wameacha kunyonya.

Sasa bwawa lile kila mwaka lilijaa tope. Mchimbaji alikuwa Fuko na ukoo wake, na Fuko hachimbi kwa asante, anachimba kwa mtama. Kwa hiyo kila mnyama alitoa kodi ya bwawa, pishi moja. Digidigi, pishi moja. Kobe, pishi moja. Kiboko na tumbo lile? Pishi moja!

Mwaka huo mvua ikapotea. Maji yakashuka, tope likapanda, mapacha wa Pimbi wakawa wanalamba mawe. "Mama, kiu! Mama, kiu!" Fuko akaja, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Hii si kazi ya pishi moja moja. Hapa nataka mtama wa ghala zima. Na msiponiletea ndani ya siku nne, mtakunywa vumbi."

Wanyama wakatazamana. Ghala zima? Nani mwenye ghala? Wakaenda kwa Kiboko, Kobe mbele.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Mmekuja wengi, mna msiba?"

"Bado. Tumekuja kwa ajili ya kodi. Sisi tumeshatoa, Digidigi katoa mpaka mbegu. Tunaomba wewe mwenye maghala uongeze."

Puuuh! Kiboko akatoa pua majini.

"Niongeze? Kwani nimemwibia nani? Mtama nimelima mwenyewe!"

"Umelima, mzee. Lakini maji ya shamba si ya bwawa hili? Na bwawa si tunalichimbisha wote?"

"Nimetoa pishi yangu kama mlivyotoa yenu. Sote sawa! Halafu mbolea yote hii bwawani, nani anawapa? Mimi! Bure! Mkinisumbua, nahama."

Lo! Wanyama wakapiga magoti. "Usihame, mzee! Tusamehe, mzee!" Maana kila mwaka ndivyo alivyokuwa anasema, nahama, na kila mwaka ndivyo walivyokuwa wanaogopa. Wakageuka kwenda zao na kiu yao.

Ila Mama Pimbi hakupiga magoti. Kwa kimo kile, asimame apige magoti, ni yale yale. Akasema:

"Mzee anasema kweli. Ahame."

"Nini?" Kiboko akafumbua jicho la pili.

"Uhame, baba. Mtu mwenye heshima zako, kukaa na ombaomba kama sisi! Mimi naijua nchi moja, mwendo wa siku tatu tu. Maji mpaka ukingoni. Wenyeji wake wanajua kumpokea tajiri. Nitakupeleka mwenyewe."

Kiboko hakuwa na hamu ya kuhama hata kidogo! Lakini ameshasema mbele za watu, na watu wote wanamtazama. Angesema nini? Akasema, "Kesho asubuhi!"

Ee, wanangu, asubuhi hiyo! Nyani arobaini na wawili wakaja kubeba. Maghala matatu yakamwagwa, makapu arobaini na mawili yakajaa, kila nyani kapu kichwani. Mama Pimbi akampaka Kiboko udongo mwili mzima, akamfunika mkeka ulioloweshwa maji, kuanzia kichwani mpaka puani.

"Usiufunue mkeka, mzee. Jua la njia hii linapasua ngozi. Wewe fuata visigino vyangu."

Nyani wakaanza wimbo, na nyinyi mniitikie:

Hama, bwana, hama!

— Hama na ghala lako!

Hama, bwana, hama!

— Hama na tumbo lako!

Ndi, ndi, ndi, Kiboko anakwenda. Ti, ti, ti, Pimbi yuko mbele. Walikuwa wanakwenda wapi? Wanauzunguka mlima! Mlima ule ule wa mawe! Wanatokea huku, wanazunguka kule, wanapita tena kando ya bwawa. Na Kiboko haoni, anaona visigino.

Siku ya kwanza, nyani wakatua makapu. "Tumechoka! Ujira wetu!"

"Wanataka kapu tatu, mzee," Pimbi akasema.

"Wape, wape! Bora nile hasara kwa nyani kuliko kuwapa wale wa kodi!"

Nyani wakachukua kapu tatu, mbio kwa Fuko, maana nyani nao wana kiu na bwawa ni lao pia. Fuko akaita ukoo wake. Fuku, fuku, fuku! Fuku, fuku, fuku!

Siku ya pili wakapita kando ya bwawa. Kiboko akasimama, akanusa.

"Mama Pimbi, nasikia harufu ya maji."

"Ni jasho lako, mzee."

Fuku, fuku, fuku!

"Mama Pimbi, nasikia sauti."

"Ni tumbo lako, mzee. Njaa ya safari."

"Na hawa nyani wanalia nini tena?"

"Kapu tatu."

"Wape! Twende!"

Siku ya tatu ngozi ya Kiboko imekauka kau, inataka kupasuka. Nyani wakadai tena, akatoa kapu nne bila kuuliza. Na huko bwawani Fuko akapiga pigo moja, fuku! chemchemi ikatoka, bwaaa! Maji yakapanda, yakapanda, mpaka ukingoni.

"Tumefika!" Mama Pimbi akapiga kelele. Akavuta mkeka, fyaa!

Kiboko akatazama. Maji! Meupe! Na ukingoni wenyeji wamejipanga wamejipaka udongo usoni, Kobe kajivika jani kichwani, Digidigi kajifunga majani kiunoni.

"Karibu, mgeni!"

Chubwiii! Akazama, akaibuka, akazama tena. "Aaah! Hii ndiyo nchi! Huko nilikotoka tope tupu. Watu wake wavivu, kazi kuomba tu!"

Pacha mmoja wa Pimbi akanyoosha kidole. "Mama, huyu si Mzee Ki..."

Mama yake akamziba mdomo, pa! Maana hesabu ya Fuko ilikuwa bado. Kaletewa kapu kumi, na ghala zima ni kumi na nne. Asipomaliziwa leo, anawaita wanawe, chemchemi anaiziba kama alivyoikuta.

Kobe akakohoa. "Mgeni, hapa kwetu tuna desturi. Aliye na ghala kubwa hutoa kodi kubwa."

Kiboko akawatazama, mmoja, mmoja.

Akacheka! Hooo, hooo, hooo!

"Sasa hilo nalo la kuniambia? Kwa maji kama haya nitoe kama Digidigi? Si ni mimi nitakayeyatumia zaidi? Chukueni kapu kumi!"

Nyani wakachukua mbio. Fuko akapata zake nne, sita zikawekwa kwa ajili ya mwaka wa pili. Mapacha wa Pimbi wakatumbukiza midomo majini, wakanywa mpaka matumbo ngo!

Kiboko akanyoosha shingo. "Na shamba lile zuri la nani? Na maghala matatu yako wazi?"

"Ya bwana mmoja," Mama Pimbi akasema. "Kahama. Hakutaka kodi."

"Hamna!" Kiboko akashika kichwa. "Anaacha shamba kama lile kwa ajili ya kodi? Kuna watu wajinga duniani!"

Akakaa hapo mpaka uzeeni, na kila mwaka alikuwa wa kwanza kulipa, na kila mgeni aliyepita alimsimulia ubahili wa watu wa kule alikotoka.

Mimi nilimwuliza Bi Siwatu: "Bibi, lakini mtama si kalima mwenyewe?" Akaniambia, "Kalima mwenyewe. Na bwawa alilijaza mwenyewe kwa mkojo?"

Basi fundisho ni hili, mlishike sana. Kudanganya wakubwa ni vibaya. Na tajiri msimsumbue kwa kumwambia ana wajibu wa kutoa zaidi, masikini, ataumwa kichwa. Mtembezeni tu kidogo, atakumbuka mwenyewe.

Yangu nimeyamimina, kibuyu kitupu, aliyekosa tone amlaumu aliyesinzia.

Kombo, unacheka nini? Zima koroboi. Mkojoe, mlale.