Gari la Gaudensia na Bega la Leokadia

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema bali hizi za juzijuzi, ambazo waliokuwapo bado wanakula ugali wao, aliishi mjane mmoja katika kijiji cha Kisumbakale, huko Ufipa. Jina lake Gaudensia, kazi yake kushona sare za shule. Mumewe, Kamilius, alimwachia cherehani na gari dogo jekundu lililozeeka. Mtoto hakumwachia.

Gari lile lilikuwa linakunywa mafuta. Likipanda mlima, linakunywa. Likishuka mlima, linakunywa. Gaudensia akipeleka sare gulioni, jasho lake lote linaishia tangini. Watu wakamwambia, "Mama, wape wanunuzi wa vyuma chakavu, upumzike." Naye akawajibu, "Gari la Kamilius haliuzwi kwa kilo. Linaumwa tu, halijafa."

Akalipeleka kwa fundi. Fundi wa kijiji alikuwa mwanamke, Skolastika, mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe. Skolastika akalizungusha gari uwanjani, akashuka, akagusa gurudumu moja baada ya jingine. Alipofika la nyuma kushoto, akauondoa mkono haraka.

"Linaunguza! Dada, unaendesha huku breki imeshika. Ni kama kwenda gulioni unamburura mbuzi asiyetaka kwenda."

Akaifungua breki, akailegeza. Akatoa plagi, nyeusi kama masizi ya chungu, akazisugua zikang'aa. Akatupa chujio la hewa lililojaa vumbi, akaweka jipya. Akajaza matairi upepo mpaka yakawa magumu kama goti. Gari likapunguza kiu. Lakini Skolastika alikuwa fundi wa kweli, na fundi wa kweli haridhiki upesi. Akatazama juu ya paa.

"Na hii keria?"

Keria ile ya kubebea mizigo ilikuwa ya chuma kizito. Kamilius aliichomelea kwa mikono yake mwenyewe, akaipamba maua ya chuma pembeni.

"Ina uzito wa watu wawili," akasema Skolastika, "na inapigana na upepo njia nzima. Ikibaki, mimi nimefanya nusu ya kazi."

"Hiyo si yangu kuiondoa," akasema Gaudensia. "Ni ya mama yake."

Maana Kamilius alizama Ziwa Rukwa, na mwili wake haukuonekana. Bibi Ozana, mama yake, hakuwa na kaburi la kupalilia. Kila Jumapili baada ya misa alipita kwa mkwewe, akanyoosha mkono, akayashika yale maua ya chuma, kisha akarudi kwake.

Wakamwita, wakamweleza. Bibi Ozana akanyoosha mkono, akayashika yale maua ya chuma.

"Ikitoka, gari litafika mbali zaidi?"

"Mbali zaidi, mama," akajibu Skolastika.

"Basi kateni. Na vyuma vyake pelekeni shuleni, viwe nondo za madirisha. Sitaki kuviona vikiota kutu."

Ikakatwa. Bibi Ozana alisimama pale pale mpaka msumeno uliponyamaza. Jumapili iliyofuata hakupita.

Ikabaki sehemu ya Gaudensia mwenyewe. Mguu uliozoea cherehani unajua kwamba ukikanyaga kwa hasira, uzi hukatika. Akauhamishia garini ujuzi huo. Akaacha kuondoka kwa kishindo. Akaona kona mapema, akainua mguu mapema. Akaacha kulingurumisha gari wakati anapiga soga. Siku zikaenda, na petroli ya safari moja ikawa ya safari mbili. Gaudensia akawa anapita barabarani, shingo imenyooka, na waliosema chuma chakavu wakawa wanampungia mkono.

Kisha ikaja masika. Mvua ikabomoa daraja la kwenda mjini, na lori la mafuta halikufika tena. Pikipiki zikaegeshwa ukutani. Gari la mwenye duka likawa kichanja cha kuku. Katika kijiji kizima, petroli ilibaki kwa Gaudensia tu, nayo kidogo, mshale umelala karibu na mwisho.

Asubuhi moja akatokea Filbert, jirani yake, anakimbia, amembeba binti yake Leokadia. Nyoka alimuuma akiokota kuni. Mguu ulikuwa umevimba, macho yamelegea. Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya mlima Kalalo.

"Mpandishe," akasema Gaudensia. Akachukua ufunguo.

Gari likaenda. Likapita bondeni, likaanza kupanda, sauti yake moja, mwendo wake mmoja. Nyuma, Filbert akaanza kupiga kiti kwa ngumi.

"Kanyaga, mama! Mtoto anakufa, kanyaga!"

"Nikikanyaga, Baba Leokadia, mafuta yatatuishia kabla ya kilele, na hospitali hatutafika."

Gari likaenda. Leokadia akatapika. Filbert akalia kwa sauti.

"Ungekuwa umezaa, ungekanyaga!"

Neno lile likamwingia Gaudensia kifuani kama sindano. Mikono yake ikakaza usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Lakini mguu haukutikisika. Ulibaki pale pale, mwepesi, kama anayemalizia upindo wa gauni la harusi.

Gari likaenda, likavuka kilele, likateremka, likaingia lango la hospitali. Wauguzi wakamchukua mtoto mbio. Gaudensia alipotaka kulisogeza gari kivulini, likakohoa, likanyamaza. Tangi lilikuwa kavu.

Dawa ya sumu ikafanya kazi. Jioni daktari akatoka, akasema, "Mtoto atapona. Mngekuwa bado mko njiani saa hizi, ningesema jambo jingine." Filbert akapiga magoti mbele ya Gaudensia, akamwomba radhi kwa neno lake. Naye Gaudensia akamsamehe.

Leokadia akapona, akarudi Kisumbakale akichechemea. Mwaka ule askofu alikuwa anakuja kutoa kipaimara, na Leokadia alikuwa katika orodha. Mnajua desturi: kila mtoto ana msimamizi, anayesimama nyuma yake mbele ya askofu na kuweka mkono begani mwake. Kuanzia siku hiyo ni mzazi wake wa pili, mpaka kifo. Msimamizi ni mmoja. Mkono ni mmoja.

Filbert akamuuliza binti yake, "Nani atakusimamia?"

Leokadia akajibu, "Aliyeniokoa."

Habari ikaenea, na wanawake watatu wakakutana uani kwa Filbert, kila mmoja amevaa kitenge chake kizuri.

Skolastika akasema, "Mimi sijui kunong'ona. Nani aliigundua breki? Keria ingetoka na dereva akawa malaika, breki ikiwa imeshika mngeishia bondeni. Gari lile lilikuwa mgonjwa, nikalitibu. Lililopanda Kalalo ni kazi ya mikono hii."

Bibi Ozana akasema, "Ni kweli, mwanangu. Lakini ujuzi ulioutoa, bado unao. Subira aliyoitoa mkwe wangu, bado anayo. Mimi nilichokitoa, sinacho tena. Nilimpoteza mwanangu mara ya pili ili gari lile liwe jepesi. Nikipata mtoto wa kuwekea mkono, je, nimeiba?"

Wote wakainamisha vichwa. Gaudensia naye akainamisha, maana alimpenda mama yule. Lakini aliitaka haki yake, akauinua uso.

"Mama, dada, nawaheshimu. Ninyi mlifanya yenu mchana wa amani, hakuna aliyekuwa anakufa. Gari zima na jepesi, likikanyagwa vibaya, hunywa vilevile. Mimi nilikuwa na kilio mgongoni na tusi moyoni, na mguu wangu ungeweza kusema neno moja tu, tukabaki mlimani. Haukusema."

Filbert akamtazama huyu, akamtazama yule, akalipeleka shauri kwa katekista. Katekista naye akamrudishia. Wanakijiji wakagawanyika, na kila nyumba ikawa na wakili wake.

Siku ikafika. Ngoma zikalia, vigelegele vikapaa, watoto wakapanga mstari katika nguo nyeupe. Leokadia akasogea, akasogea, akabakiza mtoto mmoja mbele yake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Katika benchi la kwanza wanawake watatu walikuwa wamesimama, vichwa juu, hakuna anayemwonea mwenzake haya. Leokadia akageuka, akawatazama.

Basi nanyi mliokaa mkanisikiliza, msiniachie mzigo huu peke yangu. Mmoja alitoa ujuzi, mmoja alitoa kumbukumbu ya mwanawe, mmoja alituliza mguu wakati moyo unaungua. Askofu anangoja, bega ni moja. Je, mkono wa nani ulistahili kuwekwa pale?